Filamu ya Kifua cha Mize Pandu

Mgonjwa akitoka chooni mbio, shuka kaishika kwa mkono mmoja, anapiga kelele kwamba amerogwa kwa sababu mkojo wake umekuwa wa buluu, msimcheke. Jueni kuna mfanyakazi hakumweleza. Mara ya kwanza mfanyakazi huyo nilikuwa mimi. Mzee wa watu katoka Kizimkazi na mguu umemvimba, tumemtia rangi katikati ya vidole, na hakuna aliyemwambia kuwa rangi ile ikishaingia mwilini lazima itafute pa kutokea. Nilimkuta getini anawaonyesha wauza machungwa. Nikamwapia kwamba ni dawa tu, itakwisha kwa siku mbili.

"Bibi wee," akaniambia, "mimi mkojo wangu naujua. Umri wote huu haujapata kunibadilikia."

Nimeanza na hilo kwa sababu ni la kuchekesha, na mengine nitakayowaeleza hayachekeshi.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaojifunza kupiga picha za ndani ya mwili, niwaeleze vipi tulikuwa tukipiga picha za limfu siku zile. Nyinyi leo mnamlaza mgonjwa, mashine inamzunguka, anashuka anavaa viatu vyake anakwenda zake. Sisi picha moja ilituchukua siku mbili, na ilianza kwa kisu.

Mishipa ya damu kila mtu anaijua. Lakini mwili una mishipa mingine, myembamba kuliko uzi wa kudarizia kofia, inayopitisha maji meupe yaitwayo limfu kutoka miguuni na mikononi kurudi juu. Njiani yanapita kwenye tezi, na tezi ya kinenani ikivimba ndiyo watu wetu wanasema fulani ana mtoki. Mishipa hiyo eksirei haiioni. Ili uione ni lazima uijaze mafuta mazito yaliyotiwa iodini. Ili uijaze ni lazima kwanza uipate, na haipatikani kwa macho. Ndiyo maana ya ile rangi ya buluu. Unaitia katikati ya vidole, unangoja, na baada ya muda unaona michirizi inapanda juu ya unyayo kama mtu kachora kwa kalamu. Hapo daktari anatia ganzi, anapasua kidogo, anatafuta uzi mmoja wa buluu, anautia sindano ambayo ukiiangusha sakafuni huioni tena.

Halafu ndiyo kazi yangu inaanza. Mafuta yale hayasukumwi. Ukisukuma, mshipa unapasuka, na kazi yote ya asubuhi imekwenda na maji. Wenzetu wa nchi nyingine walikuwa na mashine ya kusukuma polepole. Sisi tulikuwa na kiunzi cha mbao alichotutengenezea seremala mmoja wa Mkunazini, kina skrubu nyuma ya bomba la sindano. Unazungusha robo, unangoja dakika, unazungusha robo. Saa nzima na zaidi kwa kila mguu. Mafuta uyapashe kwanza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, la sivyo hayatembei. Hilo hamtolihitaji tena, lakini mimi nikiona bakuli la aina ile hadi leo mkono wangu unataka kuzunguka.

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, msichana wa mtaa wa Malindi, yalipotokea Mapinduzi. Mwaka ule watu wengi waliondoka hospitalini, wengine kwa hiari yao na wengine si kwa hiari. Chumba cha eksirei alibaki mtu mmoja, Bwana Menezes, Mgoa mzaliwa wa hapa hapa mjini. Siku moja mume wa mgonjwa alisimama mlangoni akasema mkewe hatovuliwa kanga na mwanamume, hata akifa. Msimamizi wa wauguzi akatazama ukumbini, akaniona mimi nimekaa bure. "Zuhura, ingia humo." Nikaingia, nikatoka baada ya miaka thelathini.

Bwana Menezes alikuwa mfupi, mikono ya shati kaifunga kwa mipira, na alinuka dawa ya kusafishia filamu hata akiwa katoka kuoga. Alinifundisha chumba cha giza kwa kunifunga macho mchana. "Ukiweza hivi," akisema, "hata umeme ukikatika hutaharibu." Alikuwa mkali. Nikikosea alipiga kofi meza, si mimi, lakini nilishituka vile vile. Na lipo jambo moja alilonirudilia mpaka nikachoka kulisikia.

"Zuhura, kabla ya mafuta?"

"Kifua, Bwana Menezes."

"Kwa nini kifua?"

"Kwa sababu mishipa yote ya limfu inakwenda kumwagika kwenye mshipa wa damu chini ya shingo. Mafuta yanayobaki yanaingia kwenye damu, damu inayapeleka mapafuni."

"Na mapafu?"

"Mapafu mazima yanastahamili. Mabovu hayastahamili."

"Basi piga kifua, ukitazame mwenyewe. Usiambiwe."

Watoto wake walikuwa wameshahamia Bara, na mwishowe naye akawafuata. Aliniachia aproni yake ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, nzito kama mtu, na maneno yale. Mimi nikawa ndiye mwenye chumba.

Sasa niwaeleze hali. Mwanzoni mwa miaka ya sabini vitu vilikuwa haba. Mnasikia wazee wenu wakizungumza foleni za mchele na sukari, basi na hospitali ilikuwa na foleni yake. Filamu zilikuja kwa meli zikija, na zisipokuja tulikaa na zilizopo. Kila asubuhi nilifungua kabati nikahesabu. Nikawa bahili. Mtu kaja na kidole kimevunjika, ninakipiga kwenye pembe ya filamu, pembe nyingine naifunika kwa risasi nimpigie mwengine. Nilijivunia ujanja huo. Daktari alinisifu mbele ya watu. Nawaambieni hili kwa sababu kosa langu halikuzaliwa na uvivu. Lilitokana na kitu nilichokuwa nikisifiwa.

Daktari wetu alikuwa mgeni kutoka Ulaya, kijana mrefu, tulimwita Daktari Bruno. Kiswahili alikijua cha kuulizia maumivu. Ndiye aliyekuja na ufundi huu wa limfu, na alikuwa na mikono ya kuutenda. Nimemwona akiupata mshipa ambao mimi niliapa haupo.

Siku moja akaja mwanamke kutoka Bwejuu na mumewe. Mwanamke jina lake Mize Pandu, rika langu, labda alinizidi mwaka mmoja au miwili. Kazi yake kusokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kama wanawake wengi wa pwani ile. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba toka kifundo mpaka paja, na kinenani ana mtoki mgumu ambao ulikuwa hautoki kwa dawa yoyote. Mumewe, Simai, mtu wa maneno machache, alibeba pakacha la muhogo, na alilikumbatia siku zote tatu kama kwamba ndilo lililolazwa.

Daktari Bruno aliupapasa ule mtoki muda mrefu. Akaniambia pembeni mambo ni mawili. Ama ni tende, ugonjwa wa mbu, ambao unachosha na unatia aibu lakini mtu anaishi nao mpaka uzee. Ama ni saratani ya tezi, na hiyo lazima apelekwe Bara haraka kupigwa mionzi. Kwa mkono havitenganishiki. Picha itasema.

Nikamchukua Mize kwenda kumtayarisha. Kabatini siku ile zilikuwa filamu kubwa saba. Picha ya limfu peke yake ilikula tano, tatu siku ya kwanza na mbili siku ya pili. Zitabaki mbili, na nikipiga kifua itabaki moja; akija mtu kagongwa na gari? Akija mtoto kameza sarafu? Nilikuwa na mawazo hayo kichwani nilipomuuliza:

"Mize, ushapata kupigwa picha hapa?"

"Nshapigwa, shoga."

"Lini?"

"Kipupwe kilichopita. Walinileta kwa gari la mkaa."

Nikafurahi. Nikaenda ghala la bahasha za filamu za zamani, nikatafuta, nikaipata. Mize Pandu. Ndani, filamu ya kifua cha mwanamke mzima, mapafu meusi, na jeusi kwenye filamu ndilo safi, hayana doa. Nikamshukuru Mungu kwa filamu moja iliyookoka.

Sikumuuliza alipigwa picha ya nini. Sikumuuliza jina la babu yake. Bahasha ile haikuandikwa kijiji, na mimi sikujiuliza kuna Mize Pandu wangapi katika kisiwa hiki.

Alikohoa mara mbili wakati ninamfunga kanga.

"Kikohozi hicho, Mize?"

"Cha makumbi, shoga. Sote tunaosokota tunakohoa."

Nikakubali. Daktari Bruno alipoingia, mikono keshaiosha, aliniuliza neno moja: "Kifua?"

"Kipo, Daktari." Nikampachikia ile filamu kwenye taa.

Akaitazama. "Safi," akasema, na akainamia miguu.

Mize alikuwa mcheshi. Rangi ilipopanda aliinua kichwa akatazama nyayo zake, akasema, "Shoga, kama nimekanyaga buluu ya kufulia. Patima akiniona atakimbia." Patima ni binti yake, wa pekee, miaka minne. Nikamweleza na habari ya mkojo, akacheka mpaka daktari akamwomba atulie. Nikazungusha skrubu, robo, dakika, robo. Kwa muda wote ule tulizungumza. Alinieleza kwamba mama yake, Bi Mtumwa, hakutaka aje, amemwambia hospitali ya mjini watu wanaingia kwa miguu wanatoka kwa machela. Alinieleza kwamba aibu ya mguu ilimfanya asiende harusini kwa mdogo wake. Akaniuliza kama wataukata.

"Hatukati kitu," nikamwambia. "Tunapiga picha tu."

Maneno hayo niliyasema mimi.

Picha za siku ya kwanza zilitoka nzuri ajabu. Badala ya mishipa minne mitano iliyonyooka, mguu wake ulikuwa na mishipa mingi imejipinda, imetanuka, imerudi nyuma ilikotoka. Daktari Bruno alizitazama zikiwa bado zinachuruzika maji. "Nadhani tende," akasema. "Kesho tezi zitatwambia." Kwa maana tezi hazijai siku ile ile. Lazima ungoje mpaka siku ya pili.

Siku ya pili nilimkuta kitandani kakaa, mito mitatu nyuma. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na haikuwa rangi ya dawa. Kila neno alilitolea pumzi yake.

"Shoga," akasema, "kifua kimejaa. Kama nimemeza usumba."

Tulimpeleka kwa kitanda cha magurudumu. Nikapiga tumbo na nyonga, filamu mbili. Daktari Bruno akamsikiliza mgongoni, akabadilika uso, akaniambia nipige kifua. Ile filamu niliyoifanyia ubahili, nikaitumia hapo.

Nilisimama chumba cha giza peke yangu na filamu ile ndani ya dawa. Picha inakuja polepole, mnajua, au labda hamjui tena. Mbavu kwanza. Halafu juu, pande zote mbili, makovu, yamezikunja ncha za mapafu kama karatasi iliyofinyangwa. Kifua kikuu cha zamani, kilichopoa chenyewe bila mtu kukijua. Na mapafuni kote, vidoa vidogo vyeupe, vingi, kama mtu kapuliza unga. Mafuta yetu.

Nikajiambia haiwezekani. Kipupwe kilichopita kilikuwa safi. Nikaitoa ile filamu ya bahasha nikaziweka pamoja kwenye taa, moja imekauka na moja inadondosha maji. Mwanamke wa bahasha alikuwa na mfupa wa bega la kushoto uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya, una nundu. Mize wangu mifupa yake ya mabega yote miwili ilikuwa imenyooka.

Hawakuwa mtu mmoja.

Nilirudi wodini nikamuuliza, nimeshika ukingo wa kitanda. "Mize, ile picha ya kipupwe, walikupiga wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Goti.

Tulimpa oksijeni tuliyokuwa nayo. Daktari Bruno hakutoka pale. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Mize alifariki. Aliyetoka kumwambia mumewe ni daktari, kwa Kiswahili chake cha maumivu, na Simai akawa anaitikia "Naam, naam," kama anaelekezwa njia. Kisha akauliza nani atamsaidia kumbeba.

Mimi sikutoka. Nilikuwa ghalani, nimefunga mlango.

Jioni ile nilimwambia daktari. Nilimwekea filamu mbili mezani, nikamwonyesha nundu ya mfupa, nikamweleza swali nililouliza na swali ambalo sikuliuliza. Akaisogeza ile ya bahasha karibu na taa.

"Mimi pia niliitazama," akasema. "Mfupa huo ulikuwa mbele ya macho yangu."

"Nikaseme kwa nani, Daktari?"

Akainuka akafunga dirisha. Nyinyi hamkuziishi siku zile. Neno hujuma lilikuwa halina mchezo. Mtu akiharibu kitu cha umma kwa bahati mbaya, hakuwa na hakika kwamba bahati mbaya itakubaliwa. "Mimi nitarudi kwetu," akasema. "Wewe utapelekwa wapi? Na nani atapiga picha za wanawake?" Kwenye cheti aliandika ugonjwa wa mapafu. Si uongo. Mize alikufa kwa mapafu.

Akanionyesha na zile picha mbili za tezi. Sitaki kuzisifu, lakini ni bora katika zote nilizopata kupiga. Tezi zimejaa vizuri, zina mipaka, hazikuliwa. Saratani haikuwepo. Ilikuwa tende.

Watu walinifariji. Mwenzangu mmoja wodini alisema siku zake zilikuwa zimefika. Nikarudi kazini. Nikawa siwezi kula mbele ya watu. Mama yangu alidhani nina jini, akaniletea mtu wa kunisomea, na nikakaa nikasomewa, kwa sababu kumwambia ukweli ilikuwa shida zaidi.

Baada ya arobaini nilipanda gari la shamba nikaenda Bwejuu. Sikumuaga mtu. Nikaulizia kwa Simai, nikaonyeshwa nyumba ya udongo yenye ukuta wa mawe, na uani yupo bibi kizee anaponda makumbi kwa rungu. Nikapiga hodi.

"Karibu."

"Shikamoo, Bi Mtumwa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Zuhura, wa hospitali ya mjini. Mimi nlimpiga picha Mize."

Aliweka rungu chini. Simai akatoka ndani. Wakanipa mkeka, wakanipa maji. Nikawaeleza. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima lakini yalitoka ovyo, la mwisho likatangulia. Niliwaambia kuna picha ya kifua ambayo ilikuwa inipase kuipiga. Nikasema sikuipiga kwa sababu filamu zilikuwa chache na nilitaka kubakisha moja. Kwamba nilichukua picha ya mwanamke mwengine nikamwambia daktari ni ya Mize. Na kwamba kama ningepiga, tungejua asitiwe yale mafuta, na asingetiwa.

Simai alitazama mikono yake. "Mwenyezi Mungu keshaandika," akasema. "Sisi hatuna la kusema, Bi Zuhura."

Mtaniamini nikiwaambia kwamba nilipendelea anipige? Kwa sababu mara tu aliposema vile nilihisi moyo unataka kupumzika, na nikajua sistahiki.

Bi Mtumwa akanigeukia. "Picha zenyewe," akauliza, "zilionyesha ana nini?"

"Tende, Bi mkubwa."

"Tende tu?"

"Tende tu."

"Mimi hapa nina tende," akasema, na akaivuta kanga juu kidogo nikaona mguu wake. "Toka sijamzaa yeye."

 Kuku walipita katikati yetu. Kisha bibi kizee yule akaita ndani, akatoka mtoto wa kike, kichwa kimesukwa upya, akaja akajibanza kwa bibi yake na kunitazama.

"Huyu Patima," akasema Bi Mtumwa. "Simai kasema ni maandiko ya Mungu, na mimi siwezi kumpinga Mungu. Lakini wewe ulikuwa na kazi yako. Mimi ntakufa. Simai ataoa, na haki yake. Huyu atakua, siku moja ataniuliza mama yake alikufa na nini, nami ntakuwa sipo. Sitaki aambiwe na watu. Utamwambia wewe."

"Ntamwambia."

"Akishakuwa na akili ya kuelewa. Mbele ya hapo usije."

Nikaondoka. Hawakunisindikiza, na hilo pwani ile si jambo dogo.

Hawakunishitaki. Lau wangenishitaki sijui ningekuwa wapi leo. Nilirudi kwenye chumba changu na nikabadili namna ya kufanya kazi, na haya ndiyo ninayotaka myachukue. Msimwambie mgonjwa jina lake. Kwetu mtu akiitwa jina lolote linalokaribia la kwake ataitika naam kwa adabu. Muulizeni aseme yeye, jina lake, la baba, la babu, na kijiji. Msiulize kama amepigwa picha. Ulizeni ni mahali gani pa mwili, na aonyeshe kwa mkono. Filamu ya zamani itazameni mifupa kwanza, muilinganishe na aliyelala mbele yenu. Na kikohozi ni ugonjwa mpaka umekitazama kwenye filamu, hata mwenyewe akikupa sababu nzuri. Baada ya Mize, sikukubali mafuta bila ya kifua nilichokipiga kwa mkono wangu. Mkubwa mmoja alipata kunifokea kwamba ninapoteza mali ya serikali. Nikamwambia aniandikie kwa maandishi nisipige. Hakuandika.

Daktari Bruno mkataba wake ulikwisha akaenda zake. Kile kiunzi cha skrubu tulikitumia miaka michache mingine, kisha ufundi ule ukakatika, daktari wa kuupata uzi wa buluu akawa hayupo. Baadaye ndiyo zikaja mashine nyingine.

Patima alikuja mwenyewe. Sikumfuata, kwa sababu nilikuwa nikijiambia kila mwaka kwamba bado hajakuwa na akili ya kuelewa, na miaka ikapita na mimi ninajiambia vile vile. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba cha eksirei msichana wa miaka kumi na saba, kavaa sare ya skuli, akaniamkia, akasema, "Bibi kafariki mwezi uliopita. Kaniachia maneno nije kwako."

Nilifunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikamwambia yote. Safari hii nilianza na la mwanzo. Hakulia. Alisikiliza mikono kaiweka mapajani kama yuko darasani, na nilipomaliza akaniuliza:

"Hiyo filamu uliyotaka kuibakisha, ulikuwa unambakishia nani?"

"Sikuwa na mtu, mwanangu. Nilikuwa nambakishia mgonjwa atakayekuja."

Akainuka, akaweka sawa ushungi wake.

"Mama alikuwa keshakuja," akasema.